Ziwa halikuingia nyumbani: kisa cha ukuta uliolowa Jinja

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya zamani mjini Jinja, Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa ukilowa kila msimu wa mvua, na mita yake ya Yaka, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa inamaliza uniti kwa kasi ambayo hakuna mtu ndani aliyeweza kuieleza. Nimeondoa majina, mtaa na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Nakiandika kwa ajili ya mafundi na wenye nyumba, kwa sababu pale fedha zilitoka mara mbili kwa kazi moja. Fundi wa kwanza alijua kupiga plasta, tena vizuri. Tatizo ni kwamba aliipiga mwezi wa Aprili.

Usuli

Nyumba ilijengwa miaka ya 1950, wakati bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilipokuwa linamalizika na mji unapanuka. Kuta ni za matofali ya kuchoma, unene wa inchi 9, yaliyounganishwa kwa mchanga na chokaa. Paa ni la mabati yenye mwinuko mzuri, chini yake kuna dari ya mbao, na kila chumba kilikuwa na matundu ya hewa juu ya madirisha na mengine chini ya ukingo wa paa. Nyumba za namna hii zilijengwa zipumue. Ukuta unalowa kidogo, unakauka, mwaka unakwisha.

Mwenye nyumba ni mjane mtu mzima, hapa nitamwita Hajati. Marehemu mumewe alifanya kazi reli, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile iliyovunjika mwaka 1977, ndiyo maana Kiswahili bado ndicho lugha ya sebule yake, ingawa wajukuu wanakichanganya na Kisoga na Kiganda bila kuomba ruhusa. Anaishi na binti yake, mkwe wake mwenye duka la vipuri, na wajukuu watatu.

Jinja ina misimu miwili ya mvua: ya kwanza Machi hadi Mei, ya pili kuanzia Septemba hadi kuelekea Desemba. Katikati yake kuna kiangazi cha Desemba hadi Februari na kile cha Juni hadi Agosti, ingawa kando ya ziwa hata kiangazi kina siku zake za radi. Kalenda hii ndiyo kiini cha kisa chote, kwa hiyo msomaji aiweke kichwani.

Kwa miaka mingi nyumba ilibadilika polepole bila mtu kuamua kuibadilisha. Gata la upande wa nyuma, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, lilioza kwa kutu, likaanguka, halikurudishwa. Kila mara ua ulipotengenezwa, ililetwa murramu mpya, ule udongo mwekundu wa kokoto, na kumwagwa juu ya ile ya zamani. Binti akapanda maua kando ya ukuta wa nyuma, na bustani ya maua inataka udongo, udongo ukaongezwa. Jiko la nje lilipobomoka, sigiri, yaani jiko la makaa, ikahamia kwenye chumba kidogo kando ya korido.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Kiangazi cha Desemba kilikuja na vumbi na mbu. Mkwe akaamua kuziba matundu yote ya hewa: ya ukutani kwa magazeti na saruji, ya chini ya paa kwa vipande vya mbao. Uamuzi wenyewe haukuwa wa kipumbavu. Watoto walikuwa wanaumwa malaria, na wezi walikuwa wamepitisha fimbo yenye ndoano kwenye tundu la jirani na kuvuta suruali yenye simu. Lakini kufikia Januari nyumba ilikuwa na joto la tanuri kuanzia saa nane mchana, feni ikanunuliwa, ikawa inazunguka mpaka usiku wa manane.

Machi mvua zikaanza. Sare za shule hazikukauka nje, kwa hiyo kamba ikafungwa kwenye korido, nguo zikaanikwa ndani usiku na kumaliziwa kwa pasi asubuhi. Matoke yakawa yanapikwa kwa mvuke ndani ya majani ya migomba saa kadhaa, palepale kando ya korido, dirisha likiwa limefungwa ili mvua isiingie. Baada ya wiki chache binti alivuta kabati kwenye chumba cha watoto akitafuta kiatu, akakuta nyuma yake kuvu jeusi limetapakaa ukutani mfano wa masizi. Kwenye ukuta wa nyuma wa sebule, alama ya maji ilikuwa imefika juu kidogo ya magoti, na chini yake plasta ilikuwa inatoa unga mweupe.

Hapo ndipo majirani walipotoa hukumu: ziwa limepanda. Dhana hiyo ina historia. Mwishoni mwa Aprili 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.32 kwenye kipimo cha Jinja, karibu kabisa na mita 13.41 za Mei 1964, na watu wa ufukweni walihama kweli. Hajati mwenyewe ni msichana wa miaka ile ya sitini, na mafuriko yale hajayasahau. Kwa hiyo mtu aliposema maji yanapanda kutoka chini ya sakafu, alimsadiki mara moja.

Aprili akaitwa fundi. Akakwangua plasta iliyokuwa inabomoka, akapiga mpya yenye saruji nyingi iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, kisha juu yake rangi ya mafuta, kuanzia sakafuni mpaka urefu wa kiuno. Kazi ilikuwa nyoofu na ilipendeza. Mwezi wa Juni rangi ikavimba malengelenge. Ukibonyeza moja kwa kidole, maji yanatoka. Alama ya unyevu sasa ilikuwa juu ya plasta mpya, yaani imepanda kupita ilipokuwa kabla ya kutibiwa.

Pamoja na hayo, usiku wa mvua kubwa swichi kuu ilikuwa inajizima yenyewe, na matumizi ya umeme yalikuwa yamefika uniti 140 hivi kwa mwezi. Mkwe alilaumu feni, binti alilaumu pasi, na Hajati alilaumu televisheni.

Sisi, mafundi wa pili, tuliitwa Julai.

Uchunguzi

Kwanza tulitaka kumalizana na habari ya ziwa. Nyumba iko kwenye mteremko, juu sana ya usawa wa maji, na kisima cha jirani aliye chini yake kina maji mita kadhaa ndani ya ardhi. Hilo peke yake lingetosha, lakini mwenye nyumba haridhiki kwa maneno ya fundi, anataka kuona. Tukakata vipande vya karatasi ya plastiki, kila kimoja upana wa sentimita 60 hivi, tukavibandika kwa gundi ya utepe pande zote nne: kimoja sakafuni sebuleni, kimoja chini ya ukuta wa nyuma tulipokwangua rangi, kimoja juu kwenye kona ya chumba cha watoto. Vikaachwa siku mbili.

Jaribio hili halina gharama na kila fundi angelifanya kabla ya kununua mfuko wa saruji. Umande ukikaa upande wa plastiki unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikaa upande wa chumbani, maji yanatoka hewani, yaani kwa watu na vyungu vyao.

Cha sakafuni kilikuwa kikavu pande zote mbili. Hajati alikiinua mwenyewe, akapangusa kwa kiganja, akakigeuza, akapangusa tena. "Basi ziwa limesingiziwa," alisema. Kile cha chini ya ukuta kilikuwa kimelowa upande wa ukutani. Kile cha chumba cha watoto kilikuwa kikavu nyuma, lakini usoni kilikuwa na matone kila alfajiri. Kipima unyevu tulichokiacha chumbani kilisoma zaidi ya asilimia 80 saa kumi na moja asubuhi, na kuvu halihitaji zaidi ya hapo kwenye uso wa ukuta ulio baridi na usiopitiwa na hewa. Nyuma ya kabati ndipo pahali penyewe.

Kwa hiyo hapakuwa na tatizo moja. Yalikuwa maji mawili tofauti, ya ukutani na ya hewani, kila moja na njia yake, na tukaja kugundua la tatu.

La kwanza tulilifukua kwa jembe. Kando ya ukuta wa nyuma, udongo wa maua na murramu ya miaka yote ile vilikuwa vimepanda mpaka kupita usawa wa sakafu ya ndani kwa karibu upana wa kiganja. Chini yake tulikuta ule utando wa lami ambao wajenzi wa zamani waliuweka juu ya msingi ili maji yasipande matofalini. Ulikuwa bado mzima, umelala pale bila kazi, kwa sababu udongo ulikuwa umeuruka na kugusa matofali ya juu yake. Na juu ya udongo huo ndiko paa lisilo na gata lilikokuwa linamwaga.

Hesabu yake ni rahisi na nimeona inawashtua watu kuliko maelezo yoyote. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Upande wa nyuma wa paa ulikuwa na mita za mraba 50 hivi. Mvua moja nzuri ya Aprili yenye milimita 20 inamwaga hapo lita 1,000, sawa na madebe 50 ya lita 20, kwenye mstari mmoja wa maua.

Maji ya tatu yalikuwa darini. Tulipopanda tulikuta misumari ya mabati imeshika kutu kuanzia chini, na mbao zina madoa ya matone, lakini hapakuwa na bati lililotoboka. Hilo ni jasho la bati. Usiku usio na mawingu bati linapoa haraka kuliko hewa iliyo chini yake. Ikiwa hewa hiyo imebeba mvuke wa matoke na sare za watoto watatu, na matundu ya chini ya paa yamezibwa, mvuke hauna pa kwenda, unagandia kwenye bati na kudondoka. Mkwe alikuwa amekwisha lipa mtu apake lami kwenye tundu ambalo halikuwepo.

Kuhusu umeme, tulizima kila kitu na kutazama mita, kisha tukawasha kimoja kimoja. Feni haikuwa mkosaji mkubwa, wala televisheni. Mkosaji alikuwa taa ya ulinzi ya nyuma, ya aina ya zamani ya halojeni yenye wati 150, inayowashwa magharibi na kuzimwa asubuhi. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo saa 11 kwa wati 150 ni uniti 1.65 kila usiku, karibu 50 kwa mwezi, theluthi nzima ya matumizi ya nyumba. Kisanduku chake cha waya kilikuwa kimefungwa kwenye ukuta ule ule unaolowa, bila kifuniko cha mpira. Ndicho kilichokuwa kinaangusha swichi kuu kila mvua inapopiga upande huo. Niseme wazi kwamba swichi inayojizima usiku wa mvua inafanya kazi yake. Anayeirudisha kwa nguvu mara tatu ndiye anayecheza na uhai wa watu.

Maamuzi, na kwa nini kwa mpangilio huo

Familia ilitaka tuanze na ukuta wa sebule, kwa kuwa ndio unaoonekana. Sisi tulitaka uwe wa mwisho. Mabishano yalikuwa marefu, na mwisho wa siku karibu kila kitu kilifuata kalenda ya mvua.

Julai na Agosti tulishughulika na maji ya nje. Gata jipya la nyuma lilifungwa kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2, likashushwa kwa bomba mpaka kwenye tangi, na maji ya ziada yakaelekezwa mbali na msingi. Udongo ulichimbwa ukashushwa mpaka chini ya ule utando wa lami, maua yakahamishiwa ukingoni mwa ua. Mahali pake palimwagwa ukanda wa zege wenye upana wa karibu mita 1, ulioinamia nje. Kazi hizi zilipaswa kwisha kabla ya Septemba kwa vyovyote, na zilikwisha mvua ya kwanza ikiwa tayari inanukia.

Wakati huohuo matundu ya hewa yalifunguliwa yote, yakawekwa wavu wa mbu kwa ndani na nondo nyembamba kwa nje. Mkwe alikuwa na hoja mbili, mbu na wezi, na zote zilikuwa za kweli. Kumwambia tu kwamba hewa ni nzuri kusingemfanya avunje saruji yake mwenyewe. Alipoona nondo, alivunja.

Sigiri ilitolewa nje, chini ya kibanda kipya cha mabati machache. Hapo hatukutoa nafasi ya mjadala, na sababu yetu kubwa haikuwa unyevu. Makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua watu wakiwa usingizini. Nyumba iliyozibwa matundu yote na yenye sigiri koridoni ilikuwa imebahatika tu.

Taa ya ulinzi ilibadilishwa na ya LED ya wati 10, na kisanduku chake kikahamishwa juu, chini ya ukingo wa paa. Kazi hiyo ilifanywa na fundi wa umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme, wala si na kijana wa mtaani aliyejitolea kuifanya kwa nusu bei.

Likabaki suala la ukuta. Plasta ya Aprili ilikuwa inamzuia mgonjwa kutoa jasho. Saruji ngumu juu ya matofali laini yaliyounganishwa kwa chokaa haiachi unyevu utoke, kwa hiyo unatafuta njia juu zaidi, ndiyo maana alama ilipanda. Ilibidi ibomolewe mpaka sentimita 30 juu ya alama, na matofali yaachwe wazi. Kwa muda gani? Kanuni ya mafundi ni takriban mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wa ukuta. Ukuta wa inchi 9 hauwezi kukauka kati ya Julai na Septemba hata ukiuombea dua. Tukapendekeza uachwe uchi mpaka Februari, kiangazi kinachofuata, ndipo upigwe plasta ya chokaa, ile inayochomwa Muhokya kule Kasese, na kupakwa rangi ya maji.

Tatizo ni kwamba Desemba palikuwa na nikaha ya mjukuu wa ndugu, na wageni wangepokewa sebuleni kwa Hajati.

"Wageni waje waone matofali, mwanangu?"

"Hajati, tukiyafunika sasa, mwakani yatakuwa yaleyale."

"Mwakani ni mbali. Nikaha ni Desemba."

Tukagawana. Chumba cha watoto na korido vilibomolewa kama tulivyotaka. Sebuleni ilitolewa rangi ya mafuta pekee, plasta ya saruji ikabaki, na juu yake ikapakwa chokaa nyeupe ili pawe na sura ya sherehe. Aliyelipa ni yeye na nyumba ni yake. Tulimwambia kitakachotokea, akasema amesikia.

Matokeo

Mvua za Septemba hadi Novemba zilikuwa ndio mtihani. Nje, maji hayakugusa tena ukuta wa nyuma. Tangi lilijaa wiki ya kwanza, na tangu hapo familia inafulia maji ya mvua. Chumba cha watoto kuvu halikurudi baada ya kuoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa, ingawa kabati lilibidi liwekwe kwa nafasi ya mkono kutoka ukutani. Mwanzoni lilikuwa linarudishwa kila wiki, mpaka mkwe alipopigilia vibao viwili sakafuni. Misumari ya darini ilikauka. Kuna kikohozi cha mjukuu mdogo ambacho binti anasema kimepungua sana. Sitadai kwamba ni kwa sababu ya ukuta, maana sigiri nayo ilitoka ndani wakati uleule.

Sebuleni, chokaa nyeupe ilidumu mpaka siku ya nikaha na wiki mbili zaidi. Januari ilikuwa inabanduka kwa vipande, na unga wa chumvi ukatokea tena chini yake.

Februari korido na chumba cha watoto vilipigwa plasta ya chokaa. Mvua za Machi zilipokuja, karatasi ya plastiki iliyobandikwa palepale ilitoka kavu pande zote.

Kuhusu umeme, matumizi yalishuka kutoka 140 mpaka karibu 90, kama hesabu ya taa ilivyotabiri. Lakini mkwe, ambaye ni mtu wa biashara, alikuja na swali: mbona akiba ya fedha ni ndogo kuliko akiba ya uniti? Jibu liko kwenye mpangilio wa bei wa ERA kwa wateja wa nyumbani. Uniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa shilingi 250 kila moja. Kuanzia 16 hadi 80 ilikuwa bei kamili, zaidi ya 700. Kisha 81 hadi 150 zilikuwa 412, nafuu iliyowekwa makusudi ili watu wapikie umeme. Uniti tulizookoa zilitoka kwenye ngazi hiyo ya tatu. Kwa hiyo uniti 46 alizoacha kulipia zilimpa shilingi elfu 19 hivi kwa mwezi, wala si ile elfu 30 na zaidi aliyoitegemea.

Ndipo wakafanya jambo ambalo hatukulishauri sisi. Walinunua sufuria ya umeme ya shinikizo na kuhamishia maharage humo. Maharage ambayo yangekula makaa mchana mzima yanaiva kwa chini ya uniti 1, na kwa kuwa sufuria imefungwa, mvuke unaotoka ni kidogo. Uniti za bei nafuu walizookoa kwenye taa wakazitumia kwa kazi iliyokusudiwa, na gunia la makaa sasa linakaa siku nyingi zaidi. Matoke hayajahama. Hajati anasema matoke ya ndani ya mashine si matoke, na juu ya hilo hakuna aliyethubutu kumpinga.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi kilikuwa cha bei ndogo zaidi: jembe, karatasi ya plastiki na gata. Nikilinganisha na fedha iliyozama Aprili kwenye saruji, dawa ya kuzuia maji na rangi ya mafuta, gata peke yake lingelipwa na kubaki na chenji. Fundi yule wa Aprili simlaumu sana. Mwenye nyumba humwita fundi siku ukuta unapolia, na ukuta unalia wakati wa mvua, yaani wakati ambao kazi ya ukuta haifai kufanywa. Fundi akisema "niite Julai," anajua ataitwa mwingine.

Hapa ndipo naona kosa la sote tunaofanya kazi hizi. Hatuuzi kazi ya kiangazi. Juni, mara tu mvua zinapokwisha, alama zote bado zinaonekana ukutani na ngazi inasimama pakavu. Ndio wakati wa kuzunguka nyumba na kuandika. Agosti na Februari gata na mabomba yasafishwe, majani ya mwembe yatolewe, udongo uliopanda ukutani ushushwe, kabla ya Septemba na Machi. Plasta na rangi ni kazi za Januari na Februari, au Julai kwa ukuta ambao ulikuwa mkavu tangu mwanzo. Mtu akifuata mpangilio huo hana haja ya dawa ya kuzuia maji kwenye nyumba ya matofali ya zamani, na mimi binafsi ningeiondoa kabisa kwenye orodha ya vitu vya nyumba hizo.

Kuziba matundu kulitaka kuondoa mbu, vumbi na wezi, kukaleta joto, feni, kuvu na jasho la bati. Wavu na nondo vilitimiza yale mawili makubwa. Vumbi bado linaingia, na kila Januari binti analalamika. Sina jibu zuri kwa vumbi la Jinja zaidi ya kitambaa chenye maji.

Kugawana kuhusu sebule kulikuwa kosa la kiufundi na uamuzi sahihi wa kibinadamu, na sioni aibu kuvisema vyote viwili. Tungeng'ang'ania, tungefukuzwa, na korido isingebomolewa. Ila tungeweza kufanya jambo moja zaidi: kubomoa plasta ile sebuleni Julai na kuweka mbele yake mkeka mrefu au pazia siku ya wageni. Ukuta ungepata miezi mitano ya kukauka badala ya kungoja upya. Hakuna aliyelifikiria kwa wakati, na ndilo wazo ambalo ningependa fundi mwingine alitumie akikutana na harusi.

Sebule imepangiwa Juni hii. Plasta ya saruji itabomolewa mpaka sentimita 30 juu ya alama ya juu kabisa, unga wa chumvi utafagiliwa kwa brashi kavu bila kumwagiwa maji, na matofali yatabaki wazi mpaka Februari. Hajati amekubali kwa sharti kwamba hakuna mtu katika ukoo atakayeoa kabla ya hapo.